Kukimbizana na Firimbi: Viwanja vya Mpira kutoka Montevideo hadi Arusha

Kombe la Dunia la kwanza lilianza Julai 13, 1930, mjini Montevideo, na uwanja uliojengwa kwa ajili yake haukuwa tayari. Mechi za siku ya kwanza zilichezwa kwenye viwanja vya klabu, Pocitos na Parque Central, huku mafundi wa Estadio Centenario wakiendelea na kazi. Milango yake ilifunguliwa siku tano baadaye, Julai 18, siku ambayo Uruguay ilikuwa inatimiza miaka 100 tangu katiba yake ya kwanza ianze kutumika. Jina la uwanja lilitokana na siku hiyo. Wenyeji waliifunga Peru 1-0 kwa bao la Héctor Castro, mshambuliaji aliyepoteza mkono mmoja akiwa bado kijana mdogo.

Msanifu wake, Juan Antonio Scasso, alikuwa amepewa chini ya mwaka mmoja. Kazi iligawanywa zamu tatu, na ya usiku ilifanyika chini ya taa kubwa. Sehemu ya majukwaa ilichimbiwa ardhini, ndani ya bustani ya jiji, ili udongo wenyewe ubebe uzito na zege lisitumike jingi. Juu yake ukapandishwa mnara wa karibu mita 100. Majukwaa mawili ya nyuma ya magoli yaliitwa Colombes na Ámsterdam, mahali Uruguay ilipotwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1924 na 1928. Serikali iliahidi kulipia nauli na malazi ya kila timu, lakini kutoka Ulaya zilikuja nne tu. Uwanja uliojengwa kuwashangaza wageni ukakosa wageni wengi, ila haukukosa wenyewe: mpaka leo timu ya taifa inautumia, na mwaka 1983 FIFA iliutambua kuwa mnara wa kumbukumbu ya soka ya dunia. Siku tano za kuchelewa nawasamehe.

Lakini kuchelewa kule kunaeleza mambo mengi kuliko ule mnara. Barabara au hospitali ikichelewa, serikali husubiri bajeti ya mwaka unaofuata, na maisha yanaendelea. Uwanja wa mashindano una siku yake, imeshachapishwa kwenye tiketi na kuuzwa kwa vituo vya televisheni. Kwa kuwa siku hiyo haisogei, mengine yote husogea: bei inapanda, ramani inapunguzwa, mafundi wanakesha, waliokuwa wakiishi au kusoma kwenye eneo lile wanahamishwa. Ikishindikana kabisa, tarehe inabaki na mwenyeji ndiye anayebadilishwa. Colombia ilipewa fainali za 1986. Oktoba 1982 Rais Belisario Betancur akatangaza kwamba nchi yake haitaweza, na mashindano yakahamia Mexico. Kenya nayo ilipokonywa Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) la 1996, likaenda Afrika Kusini, ambako wenyeji walilitwaa na Nelson Mandela akasimama akiwa amevaa jezi ya Bafana Bafana. Mwaka 2017 ikapokonywa tena, safari hii fainali za CHAN za 2018, mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani, zikapelekwa Morocco.

Italia ya 1934 haikukimbizana na mtu. Mussolini alikuwa akijenga viwanja hata kabla ya kupewa mashindano, maana alivitaka kwa hesabu zake mwenyewe. Katika viwanja hivyo, wa Florence ndio unaostahili kutembelewa. Mhandisi Pier Luigi Nervi alikuwa na bajeti ndogo, akaamua kuliacha zege wazi, bila kulipamba kwa mawe wala nakshi. Ngazi zake za nje zinajizungusha hewani kama ganda la konokono, na paa la jukwaa kuu limejitokeza mbele bila nguzo za kumziba mtazamaji macho. Uwanja ulipewa jina la Giovanni Berta, kijana wa Kifashisti aliyeuawa mwaka 1921. Utawala ule umekwisha, jina limefutwa, lakini ngazi bado ziko pale na wanafunzi wa usanifu wanakwenda kuzipiga picha.

Brazil ilianza kuujenga Maracanã Agosti 2, 1948, chini ya miaka miwili kabla ya fainali za 1950. Ubishi ulikuwa juu ya mahali. Mwanasiasa Carlos Lacerda alitaka ujengwe mbali, Jacarepaguá, na mwandishi wa habari za michezo Mário Filho akaandika makala baada ya makala akitaka uwekwe ndani ya jiji, penye kiwanja cha zamani cha mbio za farasi, ambako mtu wa kawaida angefika kwa treni. Mário Filho alishinda, na jina rasmi la uwanja ni lake. Ulifunguliwa Juni 16, 1950, majukwaa bado yana viunzi vya ujenzi. Mwezi mmoja baadaye watu 173,850 waliolipa kiingilio, na wengine wengi walioingia bila kulipa, waliishuhudia Uruguay ikiifunga Brazil 2-1. Ujenzi wenyewe ulimalizika mwaka 1965, miaka 15 baada ya shughuli iliyousababisha.

Kilichoufanya Maracanã uwe Maracanã kilikuwa chini kabisa, eneo la kusimama lililoitwa geral. Mtazamo wake ulikuwa mbovu, maana macho ya mtazamaji yalikuwa karibu sawa na nyasi na mtu aliona miguu kuliko mpira. Tiketi yake ilikuwa rahisi kuliko zote, na waliokuja hapo walikuja wamevaa vinyago na kanzu za mapadri. Wa Dar es Salaam wanaoujua mzunguko, kwenye tiketi za bei ya chini, watanielewa. Mwaka 1992 uzio wa jukwaa la juu ulivunjika katika mechi ya Flamengo na Botafogo, watu watatu wakafa. Mwaka 2005 geral ikafungwa, na kwa ajili ya fainali za 2014 uwanja ukakarabatiwa hadi kubaki na viti karibu 78,000. Umekuwa salama zaidi, hilo halina ubishi. Ila yule wa kanzu ya padri hana tena uwezo wa kununua tiketi.

Chile walipewa fainali za 1962, na Mei 22, 1960 kusini mwa nchi kukapigwa na tetemeko la ukubwa wa 9.5, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa. Mipango ilikatwa, wakabaki na miji minne. Rancagua ilitumia uwanja wa kampuni ya shaba. Arica, mpakani na Peru, ikajenga wake na kuupa jina la Carlos Dittborn, mkuu wa maandalizi aliyefariki mwezi mmoja kabla ya mechi ya kwanza. Uwanja wa Taifa wa Santiago ulikuwa na historia nyingine iliyokuwa inauvizia. Baada ya mapinduzi ya Septemba 1973 jeshi liliugeuza kuwa jela, na maelfu ya watu walishikiliwa na kuteswa humo. Ulipokarabatiwa baadaye na kuwekwa viti vipya, sehemu moja nyuma ya lango namba 8 iliachwa na mabenchi yake ya mbao ya zamani. Hata mechi ikijaa namna gani, pale haketi mtu.

Waingereza hawakujenga kitu kikubwa mwaka 1966. Wembley ilikuwepo tangu 1923 na ilikuwa na shughuli zake, kiasi kwamba mechi ya Uruguay na Ufaransa ilihamishiwa White City kwa kuwa siku hiyo Wembley ilikuwa na mbio za mbwa. Ndio mfano pekee ninaoujua wa mechi ya Kombe la Dunia kupisha ratiba ya mbwa.

Mwaka huohuo, Mei 29, Mexico walifungua Azteca, miaka minne kabla ya kuuhitaji, na nafasi hiyo ya kupumua inaonekana katika kila pembe yake. Pedro Ramírez Vázquez na Rafael Mijares waliujenga juu ya mwamba wa volkano, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na majukwaa yenye mwinuko mkali kiasi kwamba hata aliye juu kabisa anauona uwanja wote. Fedha zilipatikana kwa njia ya kibiashara. Vyumba vya watazamaji viliuzwa mapema kwa wenye uwezo, kila mmoja akipewa haki ya kukitumia chumba chake kwa miaka 99. Mikataba hiyo bado ina nguvu. FIFA ilipotaka kuuchukua uwanja mzima kwa ajili ya 2026, ilikutana na wazee na warithi wao wakiwa na karatasi za miaka ya 60 mkononi. Azteca ulikuwa wa kwanza kupokea fainali mbili, 1970 na 1986, na ndio uliopangiwa mechi ya ufunguzi ya Juni 11, 2026. Katikati ya mashindano hayo klabu ya América iliendelea kucheza hapo msimu baada ya msimu.

Kisha vikaja vifo. Mei 1985 jukwaa la mbao la Bradford liliungua na watu 56 wakafa. Wiki tatu hazijaisha, 39 wakafa Heysel, Brussels, ukuta ulipoanguka. Aprili 1989 huko Hillsborough, Sheffield, mashabiki wa Liverpool walibanwa kwenye uzio wa chuma, na idadi ya waliokufa imefikia 97. Ripoti ya Jaji Taylor ya Januari 1990 ilitaka viwanja vikubwa vya Uingereza viwe na viti kila mahali. FIFA na UEFA nao wakafuata njia hiyo, na uwanja wa mpira ukabadilika sura duniani kote: uzio ukaondolewa, kila mtu akapewa namba ya kiti, na idadi ya watazamaji ikaanza kukokotolewa kwa dakika zinazohitajika watu wote kutoka nje.

Hesabu hiyo ndiyo isiyoonekana kwenye picha za makabidhiano. Renzo Piano aliifanya ionekane huko Bari mwaka 1990: jukwaa la juu la uwanja wa San Nicola aliligawa vipande 26, kila kimoja kikiwa na nafasi na ngazi zake, hata ukiutazama kutoka mbali unadhani ua limefunguka. Hata hivyo Bari ni mji wa timu inayopanda na kushuka, na viti 58,000 vimekuwa vingi kwake. Turin walikosea zaidi. Delle Alpi, uliofunguliwa mwaka huohuo, ulizungushiwa njia ya riadha iliyowaweka mashabiki mbali na mpira, nao wakaukataa. Haukufikisha miaka 20 ukabomolewa, na Juventus wakajenga hapohapo uwanja mdogo zaidi ulioanza kutumika 2011.

Marekani ya 1994 iliazima viwanja vya mchezo wake yenyewe bila kujenga kimoja kipya. Kule Pontiac, Michigan, ndani ya jengo lenye paa, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan State waliotesha nyasi kwenye masanduku ya pembe sita, wakayaingiza na kuyaunganisha sakafuni. Mashindano yale ya timu 24 yalipata watazamaji zaidi ya milioni 3.5, na hakuna fainali za timu 32 zilizofikia idadi hiyo. Somo hilo halikumvutia mtu. Mwaka 2002 Japan na Korea Kusini zilitumia viwanja 20, kumi kila nchi, karibu vyote vipya. Sapporo walijenga uwanja wa nyasi unaoelea juu ya hewa na kusukumwa ndani ya jengo siku ya mechi. Ufundi wa ajabu, nakiri.

Afrika ilipopata zamu yake mwaka 2010, tarehe ilikamua kila mtu. Afrika Kusini ilitumia viwanja kumi, vitano vikiwa vipya kabisa, na Soccer City ya Soweto ikajengwa karibu upya kwa sura ya kibuyu, kuta zake zikiwa za vigae vya rangi za udongo. Hapo palikuwa na historia tayari: Mandela alihutubia umati pale Februari 1990, siku mbili baada ya kutoka gerezani. Wafanyakazi wa ujenzi waliijua kalenda vizuri kama waajiri wao. Julai 2009, miezi 11 kabla ya mechi ya kwanza, karibu 70,000 waligoma na kuondoka na nyongeza ya asilimia 12. Ni mara chache fundi wa zege hupata silaha kama hiyo, nami naona waliitumia barabara.

Nelspruit hadithi ni nyingine. Uwanja wa Mbombela una nguzo 18 zilizochongwa kama twiga na viti vilivyopangwa kama milia ya punda. Ulijengwa kwenye ardhi ya shule mbili, wanafunzi wakahamishiwa madarasa ya muda yenye joto kali, wakaandamana na kuchoma matairi. Jimmy Mohlala, spika wa baraza la manispaa aliyekuwa akifichua harufu ya rushwa katika zabuni za uwanja huo, aliuawa kwa risasi nyumbani kwake Januari 2009. Mashindano yakaupa mechi nne. Cape Town, kwa upande wake, ilikuwa na chaguo la kuukuza uwanja wa Athlone, katika mitaa ya watu wanaocheza mpira, ikachagua Green Point, kati ya bahari na Table Mountain, ambako kamera hupata mandhari. Jiji liliubeba mzigo wa uwanja huo zaidi ya miaka kumi, mpaka timu ya raga ya Stormers ilipohamia mwaka 2021.

Brazil 2014 ilikuwa na nafasi ya kujifunza hapo. FIFA ingeridhika na miji minane au kumi. Brazil ikachukua 12, kila gavana akiutaka wake. Brasília, mji usio na klabu ya daraja la juu, ulijenga uwanja wa watu zaidi ya 70,000, na miezi michache baada ya fainali eneo lake likawa maegesho ya mabasi ya jiji. Manaus, katikati ya msitu wa Amazon, nayo ilipata mechi nne. Juni 2013 mamilioni waliingia barabarani, na mabango yao yalidai hospitali na shule za kiwango cha FIFA. Urusi walikuwa na kichekesho chao: huko Yekaterinburg ukuta wa zamani ulilindwa kisheria na FIFA ilidai viti 35,000, basi wakasimika majukwaa ya muda nje ya uwanja, watu wakaangalia mechi kupitia tundu kubwa ukutani.

Qatar ilikuwa na viwanja vinane, na baadhi yake msomaji wa Lamu au Unguja angevitambua bila kuambiwa. Al Janoub ya Zaha Hadid, huko Al Wakrah, inafuata umbo la jahazi. Al Thumama ya Ibrahim Jaidah ni kofia, pamoja na matundu ya nakshi yake. Uliobuniwa kwa akili kuliko vyote ni 974, uliopangwa kwa idadi hiyo ya kontena za meli kando ya bandari ili ufunguliwe na kusafirishwa. Desemba 2024 ulikuwa ungali umesimama, ukichezewa mechi za FIFA. Waliovijenga na kuvilinda walitoka India, Nepal, Bangladesh, na pia Kenya na Uganda, chini ya mfumo wa kafala uliomfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake hadi ulipolegezwa miaka ya karibuni. Malcolm Bidali, mlinzi Mkenya aliyeandika juu ya maisha yao, aliwekwa kizuizini Mei 2021. Novemba 2022 Hassan Al-Thawadi, mkuu wa maandalizi, alisema kwenye televisheni kwamba waliokufa katika kazi zilizohusiana na mashindano walikuwa kati ya 400 na 500.

Kwetu Afrika adui amekuwa geti. Accra, Mei 2001, polisi walirusha mabomu ya machozi jukwaani na milango ilikuwa imefungwa. Watu 126 walikufa. Cameroon ilinyang'anywa fainali za AFCON za 2019 kwa kuchelewa, ikapewa za 2021 zilizochezwa mwanzoni mwa 2022, na Januari 24 watu wanane wakafa nje ya uwanja mpya wa Olembé, Yaoundé. Rais wa CAF Patrice Motsepe alisema lango ambalo watu walielekezwa lilipaswa kuwa wazi. Uwanja wa viti 60,000, wa kisasa, na mtu mmoja mwenye ufunguo.

Septemba 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa AFCON ya 2027. Kipimo cha kwanza kilikuwa CHAN. Ilipangwa Februari 2025, na zikiwa zimebaki wiki chache CAF ikaisogeza hadi Agosti ili ujenzi umalizike. Kumbe tarehe nayo husogea, mwenyeji akiwa na bahati. Uwanja wa Kasarani, Nairobi, ulijaa, wasio na tiketi wakaingia kwa nguvu, na CAF ikaamuru watazamaji wapunguzwe. Mapema mwaka huohuo, Mei, Simba ilikuwa imefika fainali ya Kombe la Shirikisho, lakini mechi yake ya nyumbani haikuchezwa kwa Mkapa, uwanja wa watu 60,000 uliojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 2007. Eneo la kuchezea halikuwa katika hali ya kuridhisha, na mechi ikahamishiwa Amaan, Zanzibar, kwenye viti 15,000.

Hata hivyo kwa Mkapa pana uhai, kwa sababu Simba na Yanga zipo na ratiba yake haitegemei mgeni. Nairobi ikimaliza uwanja wake mpya wa Talanta, Gor Mahia na AFC Leopards watagombania siku. Hoima wana Kitara, waliotwaa Kombe la Uganda 2024, na uwanja wao wa watu 20,000 ni saizi ya mji wenyewe. Arusha ndiyo inayonipa wasiwasi. Uwanja mpya ni wa watu wapatao 30,000, nje ya katikati ya mji, na katikati tayari kuna uwanja wa Sheikh Amri Abeid. AFC Arusha na JKT Oljoro ziliwahi kucheza Ligi Kuu, zikashuka. Kuutafutia uwanja huo mpangaji ni kazi ambayo ingeweza kuanza leo, maana haihitaji kreni wala saruji, na mkandarasi hawezi kuifanya kwa niaba yetu.